Seti ya diski na pedi za breki za nyuma: tathmini baada ya kilomita 9,000

Tathmini hii ilikaribia kuandikwa mapema zaidi, na kama ingeandikwa wakati huo ingekuwa shutuma tupu. Nilikuwa nimefunga diski mpya na pedi mpya kwenye magurudumu ya nyuma ya gari langu, nikaendesha kilomita 2,500 bila tatizo lolote, kisha pedali ya breki ikaanza kudunda chini ya mguu kila nilipopunguza mwendo taratibu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba diski zilitoka kiwandani zikiwa mbovu. Kilichonizuia kuandika ni geji niliyoazima kwa jirani, ambayo ilinionyesha kwamba sehemu kubwa ya lawama ilikuwa yangu mwenyewe. Sasa seti imetembea kilomita 9,000, nimeifungua mara mbili na kuipima, na ninaweza kutenganisha makosa yake na makosa ya aliyeifunga.

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitano, linalovutwa na magurudumu ya mbele, na kalipa zake za nyuma, yaani vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski, ni za aina inayobeba breki ya mkono ndani yake, ikivutwa kwa kebo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo linaloamua ugumu wa kazi yote. Boksi la seti lilikuwa na diski mbili nzima, yaani zisizo na mianya ya hewa katikati, zenye unene wa milimita 10, pedi nne, klipu za chuma cha pua zinazokaa kwenye breketi (fremu inayoshikilia pedi), bolti nne mpya za kalipa ambazo hesi zake zilikuwa zimeshapakwa gundi, kifuko cha grisi, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne. Ufungashaji ulikuwa mzuri na hakuna kilichofika kikiwa kimegongwa.

Wapo watakaouliza kwa nini ninunue diski wakati pedi pekee zingetosha. Diski za zamani zilikuwa na unene wa milimita 8.3, na kwenye ukingo wa kila diski ya aina hii hugongwa namba ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, ambayo kwangu ilikuwa 8. Kisheria na kiufundi zilikuwa bado zinafaa siku ile, lakini sehemu tatu za kumi za milimita zisingefikisha pedi mpya hata nusu ya maisha yake, na pedi zilizokwisha kuzoea diski huwa haziwi sawa tena zinapohamishiwa diski nyingine. Zaidi ya hapo, uso wa ndani wa diski ya kulia ulikuwa umechimbika mifereji, na ukingo wake wa nje ulikuwa umejenga mdomo wa kutu ambao pedi mpya, ikiwa pana kidogo kuliko ile iliyochakaa, ingeukanyaga na kupiga kelele.

Jambo lililonishtua zaidi ni pedi zilizotoka. Upande wa kushoto zilikuwa zimelingana, takribani milimita 4 kila moja. Upande wa kulia pedi ya nje ilikuwa na milimita 5 na ya ndani milimita 2. Tofauti ya namna hiyo katika kalipa ya kuelea huwa na maana moja kati ya chache: pini za kuteleza zimekwama, au pistoni hairudi, au pedi imebanwa na kutu kwenye breketi. Kalipa ya kuelea ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni ikisukuma pedi ya ndani, mwili wa kalipa unapaswa kuteleza juu ya pini zake ili uvute pedi ya nje kutoka upande wa pili. Pini ikikwama, pedi ya ndani hubeba kazi ya wawili. Kwangu pini ya chini ilikuwa kavu kabisa na imeshika kutu ya kahawia. Kama ningebadilisha pedi na kuifumbia macho pini ile, leo ningekuwa naandika kwamba pedi za seti hii zinakwisha haraka, na wasomaji wangeniamini.

Kuhusu pedi zenyewe, maandishi yaliyopo mgongoni yana habari nyingi kuliko maneno ya kwenye boksi. Pedi hizi zina alama ya herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba inayoanza na 90R, ambayo maana yake ni kwamba zimeidhinishwa chini ya Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipuri vya breki. Kanuni hiyo inataka pedi mbadala ijaribiwe ikilinganishwa na pedi ya asili ya gari husika, na utendaji wake usitofautiane na wa asili kwa zaidi ya asilimia 15. Kando ya alama hiyo kuna msimbo wa Marekani unaoishia kwa herufi FF. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida na ya pili msuguano pedi inapokuwa moto sana. F ni kiwango cha kati ya 0.35 na 0.45, E ni cha chini yake, kati ya 0.25 na 0.35, na G ni cha juu yake. Pedi yenye herufi FE, kwa mfano, hupoteza nguvu kidogo ikipata moto. FF kwa ekseli ya nyuma ya gari dogo ni chaguo la busara. Ni vyema kukumbuka kwamba herufi hizo hazisemi lolote juu ya kelele, vumbi wala maisha ya pedi, kwa hiyo anayeuza pedi kwa kujivunia herufi hizo pekee anakueleza robo ya habari.

Pedi tatu ziliingia kwenye breketi kwa kusukumwa na vidole, kama inavyotakiwa. Ya nne, ile ya nje ya upande wa kushoto, ilikataa. Rangi ya unga iliyopakwa kiwandani ilikuwa imerundikana kwenye masikio ya bamba lake la chuma, kiasi kwamba ilihitaji kugongwa ili iingie, na pedi inayoingia kwa nyundo haitatoka yenyewe breki inapoachiliwa. Nililazimika kuchukua tupa ndogo na kuondoa rangi hiyo kwenye masikio tu, pasipo kugusa chuma cha bamba wala breketi, hadi pedi ilipoanza kuteleza bila kulegea. Ilinichukua dakika 10. Mtu mwenye uzoefu ataliona hilo kuwa jambo dogo. Mgeni wa kazi hii angeweza kuipiga nyundo, akafunga gurudumu, na baada ya majuma machache akashangaa kwa nini rimu moja ina joto kuliko nyingine. Kwa bidhaa iliyoidhinishwa, ukaguzi wa mwisho kiwandani ulipaswa kuinasa.

Klipu, kinyume chake, ni bora kuliko nilivyotarajia. Zimekatwa vizuri, zina mkazo wa kutosha, na zilikaa kwenye breketi bila kuchezacheza. Nazisifu nikiwa na sharti moja: klipu mpya haiwezi kukaa juu ya kutu. Kutu huvimba chini ya klipu, huiinua, na kuipunguzia pedi nafasi. Kabla ya kuzifunga nilisugua vitako vyake kwenye breketi kwa brashi ya waya na tupa bapa hadi chuma kikaonekana, na kazi hiyo peke yake ilichukua muda mrefu kuliko kufungua kalipa zote mbili. Bolti mpya zenye gundi nazo ni neema, kwa kuwa watengenezaji wengi wa magari hutaka bolti hizo zisitumiwe tena, na seti nyingi huwa hazina.

Kilichokosekana ni skrubu ndogo zinazoishikilia diski kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kazi yake si kubwa. Nati za gurudumu ndizo zinazoibana diski barabarani, na skrubu huizuia tu isianguke wala kupinda gurudumu linapokuwa limetolewa. Hata hivyo kila aliyewahi kuzifungua anajua kwamba baada ya miaka kadhaa hazitoki zikiwa hai. Yangu ya kulia ilihitaji bisibisi ya kugonga kwa nyundo, na kichwa chake kikabaki kama shimo la mviringo. Seti inayotoa bolti za kalipa lakini ikasahau skrubu mbili za diski imeandaliwa na mtu ambaye hajalala chini ya gari siku za karibuni.

Grisi ndiyo inayonifanya nipunguze alama kwa ukali zaidi. Kifuko hakikuandikwa ni grisi ya aina gani, ila mchoro wa kopo na mshale unaoelekea kwenye kalipa. Kalipa ina mahali pawili panapohitaji grisi, na mahali hapo hapafanani. Masikio ya pedi na mgongo wa bamba hutaka grisi inayostahimili joto kali, kwa kiasi cha utando mwembamba tu. Pini za kuteleza zinaishi ndani ya mipira ya kuzuia vumbi, na mipira ya mfumo wa breki hutengenezwa kwa aina ya mpira inayovimba na kulainika ikiguswa na grisi ya mafuta ya petroli. Pini iliyopakwa grisi isiyofaa huteleza vizuri kwa majuma machache, kisha mpira huvimba na kuishika kuliko ilivyoshikwa na kutu. Kwa kuwa sikujua kilichomo kwenye kifuko, nilikitumia kwenye masikio ya pedi pekee, na kwenye pini nikatumia grisi ya silikoni niliyonunua kando, iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa mipira ya breki.

Karatasi ya maelekezo ina kasoro ninayoiita ya hatari. Michoro yake inaonyesha klampu ikisukuma pistoni moja kwa moja ndani ya kalipa ili kupata nafasi ya pedi mpya zilizo nene. Kwa kalipa za mbele hilo ni sahihi. Kwa kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake si sahihi hata kidogo, kwa sababu ndani ya pistoni kuna hesi ya kujirekebisha inayoisogeza mbele kadiri pedi zinavyoliwa, na pistoni ya namna hiyo hurudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Mara nyingi huzungushwa kwa mwelekeo wa saa, ingawa yapo magari ambayo upande mmoja huzungushwa kinyume. Anayeibana kwa klampu kwa nguvu ataharibu utaratibu wa ndani, na kalipa mpya itamgharimu kuliko seti nzima. Magari yenye breki ya mkono ya umeme yana tahadhari yake: injini ndogo iliyo nyuma ya kalipa lazima kwanza irudishwe kwa kuweka gari katika hali ya matengenezo, kwa kifaa cha uchunguzi au kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari, kabla pistoni haijaguswa. Karatasi haisemi neno juu ya lolote kati ya hayo, ilhali boksi lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba yaliyomo ni ya ekseli ya nyuma.

Kwa sababu hiyo nilinunua pia kifaa cha kurudishia pistoni, nacho kinastahili maneno machache. Kuna aina mbili zinazouzwa sana. Ya kwanza ni kibweta cha chuma chenye vijino kila upande, kinachofungwa kwenye mkono wa soketi. Ni rahisi kubeba, lakini hakisukumi, kinazungusha tu, na vijino vyake viliruka kutoka kwenye mianya ya pistoni mara tatu kabla sijakitupa kando. Ya pili ina skrubu ndefu inayoegemea upande mmoja wa kalipa na kusukuma kwa wakati uleule inapozungusha. Hiyo ilirudisha pistoni zote mbili ndani ya dakika chache, kwa mkono mmoja, na bila kukwaruza kitu. Anayetarajia kufanya kazi hii hata mara mbili tu maishani anunue ya pili. Wakati wa kuzungusha, tazama mpira wa kukinga vumbi unaozunguka pistoni. Ukiona unajisokota pamoja nayo, simama, uuachie kwa kijiti laini kisicho na ncha, ndipo uendelee. Pistoni ikifika mwisho, mianya yake lazima isimame mahali ambapo kijino cha mgongoni mwa pedi ya ndani kitaingia. Kijino kikikaa juu ya uso wa pistoni badala ya kuingia kwenye mwanya, pedi itakaa upande na italiwa upande.

Fungua pia kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kabla ya kurudisha pistoni na utazame kimo chake. Mafuta yanayosukumwa kutoka kwenye kalipa hurudi juu, na kama mtu aliongeza mafuta pedi za zamani zilipokuwa zikiisha, yatafurika. Mafuta ya aina ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hubabua rangi ya gari kwa haraka isiyo ya kawaida.

Sitaeleza kila hatua ya kazi, kwa kuwa kitabu cha gari ndicho chenye haki hiyo, lakini yapo mawili ambayo hayana mjadala. Gari liegemezwe kwenye stendi imara na kamwe lisibaki juu ya jeki peke yake, na kwa kuwa breki ya mkono inapaswa kuwa imeachiliwa wakati wote wa kazi hii, magurudumu ya mbele lazima yawekewe kabari pande zote mbili. Kalipa ikishafunguliwa ifungwe kwa waya kwenye springi; isiachwe ining'inie kwa bomba la mpira la mafuta ya breki, kwa maana bomba hilo linaweza kuchanika ndani bila kuonyesha dalili nje. Upande wa kwanza ulinichukua saa tatu na nusu, wa pili saa moja na robo. Diski ya kulia iligoma kutoka hata baada ya skrubu yake kuondolewa. Ilikuwa na matundu mawili yenye hesi, nikafunga bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu hadi ikajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Njia hiyo ni ya heshima zaidi kuliko nyundo, ambayo huumiza beringi.

Hapo ndipo kosa langu lilipofanyika. Habu ya kulia ilikuwa na kutu, nikaipitishia brashi ya waya mara chache, nikaridhika kwa kuwa giza lilikuwa limeanza kuingia, nikavisha diski mpya.

Baada ya kilomita 2,500 pedali ikaanza kudunda, kama nilivyoeleza. Nilitoa magurudumu yote mawili ya nyuma, nikabana kila diski kwenye habu yake kwa nati zote zikiwa na washa, kisha nikasimamisha geji yenye mshale ikigusa uso wa diski milimita 10 kutoka ukingoni na kuzungusha taratibu. Diski ya kushoto iliyumba kwa milimita 0.04. Ya kulia iliyumba kwa 0.11, wakati kitabu cha gari langu hakiruhusu zaidi ya 0.05. Mtu yeyote angeilaumu diski papo hapo. Lakini kuna jaribio rahisi ambalo nawasihi wasomaji walifanye kabla ya kurudisha bidhaa: weka alama ya chaki kwenye diski na kwenye habu mahali palipoinuka zaidi, toa diski, igeuze nusu mzunguko, ibane tena na upime. Kama mwinuko umehama pamoja na alama ya diski, diski ni mbovu. Kama umebaki kwenye alama ya habu, diski haina hatia. Wangu ulibaki kwenye habu.

Nilipotazama kwa kurunzi niliona gamba la kutu, dogo kuliko ukucha, lililokuwa limeshikamana karibu na msingi wa bolti moja ya gurudumu. Gamba hilo halikuwa nene kuliko karatasi. Lakini diski hubanwa kwenye habu katika eneo dogo la katikati, na kosa la katikati hukua kadiri unavyoelekea ukingoni, pale pedi zinapofanya kazi. Diski inayoyumba haisababishi mdundo siku ya kwanza. Inachofanya ni kugusa pedi mara moja katika kila mzunguko hata wakati hukanyagi breki, na mguso huo unaila polepole sehemu ileile ya diski, hadi unene wa diski unapotofautiana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni tofauti hiyo ya unene ambayo mguu huihisi. Nilipima diski ya kulia kwa mikromita katika vituo nane na kukuta tofauti ya milimita 0.02 kati ya sehemu nene na nyembamba. Kabla ya kuifunga mara ya kwanza nilikuwa nimeipima vituo vilevile na tofauti haikufika 0.01. Ndiyo sababu huwa nasitasita ninaposikia watu wakisema diski zao zimepinda kwa joto. Mara nyingi hazijapinda. Zimefungwa juu ya uchafu.

Nilisafisha habu upya kwa msasa hadi uso wote ukawa na rangi moja, nikaupaka utando mwembamba sana wa kinga, nikafunga diski ileile. Ikayumba kwa 0.03. Kwa kuwa tofauti ya unene ilikuwa bado ndogo, sikuipeleka kuchongwa. Mdundo ulipungua ndani ya juma la kwanza na ukaisha kabisa baada ya majuma kama matatu.

Kwa hiyo diski za seti hii nazipa sifa kamili. Zimepakwa kinga ya kijivu kwenye kofia (sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu) na kingo, na baada ya miezi yote hii, ikiwemo ile ya mvua, kinga hiyo haijaanza kubanduka, tofauti na diski tupu za chuma ambazo hupata kutu ya rangi ya chungwa kwa usiku mmoja. Kinga iliyo kwenye uso wa kufanyia kazi huliwa na pedi katika mara chache za kwanza za kukanyaga breki. Nilizifuta kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kuzifunga, ingawa karatasi inasema si lazima. Alama za vidole vyangu zilitosha kuwa sababu.

Katika kuzoesha pedi na diski, karatasi inashauri tu kuepuka breki za ghafla kwa kilomita 300. Ushauri huo si mbaya lakini ni mfupi mno. Kwanza, kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa kuwa pistoni iliyorudishwa ndani huacha nafasi, na mguso wa kwanza wa pedali hautakuwa na breki yoyote. Kisha katika barabara tulivu nilipunguza mwendo mara 10 hivi kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15, kwa mkazo wa wastani, pasipo kusimama kabisa, nikiacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine. Lengo ni kuhamisha utando mwembamba na ulio sawa wa pedi kwenye diski. Anayesimama kabisa na kushikilia pedali wakati pedi zina moto huacha alama ya pedi kwenye diski, na alama hiyo nayo huja kuwa mdundo.

Utendaji wa kila siku hauna mengi ya kuandika, na kwa breki hiyo ni sifa. Magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi kwa kuwa uzito wa gari huhamia mbele linapopunguza mwendo, kwa hiyo anayetarajia gari lisimame katika umbali mfupi zaidi kwa sababu ya pedi mpya za nyuma atavunjika moyo. Nilichokiona ni pedali iliyo juu na imara zaidi, na breki ya mkono inayoshika kwenye mteremko kwa mibofyo mitano badala ya tisa, bila kugusa kebo. Hakuna mlio asubuhi pedi zikiwa baridi. Katika mvua kubwa husikika msuguano mkavu katika mguso wa kwanza, kisha unanyamaza. Vumbi lake ni la kijivu hafifu na huondoka kwa maji. Kwenye mteremko mrefu nikiwa na abiria wanne na mizigo sikuhisi nguvu ikipungua, ingawa katika mteremko kama huo breki za mbele ndizo zinazopaswa kupewa shukrani.

Uchakavu niliupima tena kwenye kilomita 9,000. Pedi mpya zilikuwa na milimita 11. Sasa upande wa kushoto zina 10.2 ndani na 10.3 nje, na upande wa kulia 10.1 ndani na 10.3 nje. Tofauti hiyo ndogo ya upande wa kulia ninaitilia maanani kwa sababu ya historia ya pini yake, lakini haiko karibu na ile iliyonishtua mwanzoni.

Ningeinunua tena seti hii kwa ajili ya diski, klipu na bolti zake, nikijua kwamba nitahitaji tupa, skrubu mbili mpya na kopo la grisi ya silikoni kutoka kwingine, na kwamba karatasi ya maelekezo itatumika kufutia mikono. Nisingeipendekeza kwa mtu anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza bila msaada, kwa sababu makosa yake mawili makubwa, yaani grisi isiyo na jina na mchoro wa klampu, ni ya aina ambayo mgeni hana njia ya kuyatambua. Kwa gari lenye breki ya mkono ya umeme na mtu asiye na kifaa cha kuirudisha, kazi hii ni ya gereji.

Juma lililopita niliifungua kalipa ya kulia kwa mara nyingine ili kuitazama ile pini ya chini. Ilitoka kwa vidole viwili, grisi ikiwa bado nyeupe na mpira wake ukiwa haujavimba.